Vitanzi Chini ya Kitambaa

Asubuhi za mwezi wa Juni huko kwetu Kwemkulo hazina huruma. Ukungu hushuka usiku kucha kutoka kwenye msitu wa Shume, na kunapopambazuka huuoni hata mlango wa jirani. Mimi na Jenoveva tulikuwa tukikutana kwenye daraja la miti, kila mmoja na mzigo wake wa kuni za shule kichwani na jembe mkononi. Tulipanda kilima pamoja huku meno yakigongana, tukifika shuleni kengele ya namba, ile ya kujipanga na kuhesabiwa, inalia.

Mimi ni Mwanahawa. Wakati huo Azimio la Arusha lilikuwa na miaka michache tu, na kijiji chetu kilikuwa kimekwisha kuwa kijiji cha Ujamaa. Nilikuwa darasa la sita, na Jenoveva alikuwa mwenzangu wa dawati moja. Jumapili yeye alikwenda misheni kusali na mimi nilikwenda chuoni kusoma Kurani, lakini siku nyingine zote tulikuwa kama chanda na pete. Nasema hivyo mapema ili msishangae hasira zangu. Mambo aliyotendewa Jenoveva mwaka ule, hata leo nikiyakumbuka damu inanichemka.

Shule yetu ilifuata Elimu ya Kujitegemea. Tulikuwa na shamba la kabichi, zizi la ng'ombe, mabanda ya sungura, na chumba cha ushonaji. Chumba hicho kilikuwa na cherehani moja ya kukanyaga kwa miguu, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyoanza kufutika. Akina mama wa kijiji walilima bega kwa bega misimu mingi kabla ya kuipata, nao wakaiweka shuleni ili watoto wajifunze na nguo za shule zishonwe hapo hapo. Mtu akiigusa, kijijini kote hujulikana.

Aliyetufundisha kushona alikuwa mama yangu mzazi, Bi Zuhura. Mama si mtu wa milimani. Alizaliwa Mazinde, kule chini kwenye joto, na baba yake alikuwa fundi wa nguo barazani. Alipoolewa huku juu alikuja na mkasi wake, futi yake ya kupimia, na mdomo usiojua kunyamaza.

"Nyuzi ni mbili," alikuwa akituambia huku akinyoosha kidole. "Uzi wa juu unatoka kwenye kibiringo, unapita katikati ya visahani hivi viwili vya chuma, ndipo unashuka kwenye sindano. Visahani vinaubana. Nati hii mbele yake ndiyo inayoamua ubanwe kiasi gani. Uzi wa chini unatoka kwenye bobini, imefichwa humu chini. Nyuzi hizi zikivutana sawasawa, fundo linakaa katikati ya kitambaa na mshono unapendeza pande zote mbili."

Kisha alikuwa akiuliza, "Na ukiona vitanzi chini ya kitambaa?"

"Tazama juu kwanza!" tulijibu kwa pamoja.

"Ndiyo. Msikimbilie bobini. Vitanzi vya chini huletwa na uzi wa juu uliolegea. Lakini watu wengi wakiona ubaya uko chini, basi wanakaza chini, wanakata uzi, na cherehani inazidi kuugua."

Jenoveva ndiye aliyeyashika maneno hayo kuliko sisi sote. Alikuwa na mikono mitulivu, na aliweza kuusikia mshono mbaya kwa sauti ya cherehani kabla hajageuza kitambaa. Kwa hiyo Mama alimfanya kiranja wa ushonaji. Mwaka ule tulipewa kazi kubwa: kushona sketi za buluu na kaptura za kaki kwa ajili ya wanafunzi watakaoandamana Lushoto mjini siku ya Saba Saba. Majora ya kitambaa yalikuwa yamekwisha kuletwa, na Saba Saba ilikuwa inakaribia.

Ndipo habari ikaja kwamba arobaini ya mjomba wake Mama itasomwa Mazinde. Jumapili mchana Mama alikwenda shuleni, akaifuta na kuitengeneza cherehani ili atuachie ikiwa tayari. Jumatatu alfajiri akapanda lori la kabichi linaloteremka kwenda Mombo, akaenda zake.

Jumatatu hiyo Jenoveva alikuwa wa kwanza kuketi kwenye cherehani. Mimi nilikuwa kando yake nikikata mifuko ya kaptura.

"Mbona kanyagio ni zito leo?" aliuliza.

"Labda nayo imeshikwa na baridi," nilimtania.

Alishona kipande kifupi, akasimama. Alipokigeuza kitambaa, sote wawili tuliguna. Upande wa juu uzi ulilala vizuri tu, lakini upande wa chini ulikuwa umejikunja ovyo, vitanzi vitupu, kama nywele za mtoto aliyekataa kuchanwa. Jenoveva akaitazama nati ya visahani, akaizungusha kidogo kuikaza, akashona tena. Vitanzi vile vile. Akaizungusha tena, wapi! Hapo akaondoa mguu kwenye kanyagio.

"Siendelei," alisema. "Nitaharibu kitambaa cha watu. Twende tukamwambie Mwalimu."

Sikilizeni hilo vizuri. Yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kusema. Hakuna aliyemkamata.

Mwalimu Fanueli alikuwa msimamizi wa kazi zote za kujitegemea. Sisemi kwamba alikuwa mtu mbaya. Alijua kilimo, alijua hesabu, na alitupenda kwa namna yake. Lakini alikuwa na wasiwasi wa Saba Saba, maana wilaya nzima ingekuwa pale ikitazama shule ipi imevaa nini, na wasiwasi ukimkaa mtu kichwani hufunga masikio. Aliingia, akageuza kitambaa, akaona vitanzi.

"Hii bobini imelegea," alisema. Akatoa bisibisi mfukoni, akaikaza parafujo ndogo ya bobini. Akamwambia Jenoveva ashone. Uzi wa chini ukakatika. Akaikaza tena. Uzi ukakatika tena.

"Samahani, Mwalimu," Jenoveva alisema kwa adabu. "Bi Zuhura alitufundisha kwamba vitanzi vikiwa chini, kosa liko juu."

"Unanifundisha mimi?"

"Hapana, Mwalimu."

"Nani aliketi hapa wa kwanza leo?"

"Mimi, Mwalimu. Lakini niliikuta hivi hivi."

"Uligusa nati hii?"

Jenoveva angeweza kusema hapana. Hakuna aliyemwona isipokuwa mimi, na mimi nisingetamka. Lakini alisema, "Ndiyo, Mwalimu, niliizungusha kidogo ili..."

"Basi!" Mwalimu alipiga meza kwa kiganja. "Amesema kwa kinywa chake mwenyewe! Cherehani ilikuwa nzima Jumamosi, umekuja kuchezea nati, leo imeharibika. Toka nje."

Ukweli wake aliousema bila kulazimishwa ndio uliogeuzwa kamba ya kumfunga.

Kesho yake mstarini Mwalimu Fanueli alimtoa Jenoveva mbele ya shule nzima. Ukungu ulikuwa mzito hata madarasa ya nyuma hatukuyaona, lakini wao walimsikia vizuri.

"Huyu," alisema, "ameharibu mali ya umma. Mama zenu wamelima kwa jasho kuipata cherehani ile, yeye anaichezea. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kuanzia leo si kiranja, haruhusiwi kuingia chumba cha ushonaji, na hataandamana siku ya Saba Saba. Wenzake wakishona, yeye atabeba samadi kupeleka shamba la kabichi. Siku atakayokiri kosa lake mbele yenu, nitamsamehe."

Jenoveva alisimama wima, mikono imebana sketi. Hakulia. Waliomzunguka walikuwa wakinong'ona, na Danieli, kiranja mkuu, ambaye sauti yake daima ilitangulia akili yake, akasema, "Mhujumu!" Watoto wakacheka. Kuanzia hapo jina lilimganda. Mhujumu akipita na karai la samadi, mhujumu akinywa maji, mhujumu akijibu swali la hesabu. Mtoto wa miaka kumi na mitatu anaitwa mhujumu kwa kuwa alisema kweli!

Mama yake, Mama Secilia, alikuja shuleni kumwombea. Mwalimu alimpokea kwa heshima, akampa kiti, akamjibu kwamba sheria ni sheria na kwamba fundi wa cherehani ameshaitwa kutoka Lushoto. Mama Secilia akarudi nyumbani akijifuta macho kwa ncha ya kanga.

Siku ile tukirudi nyumbani sikuweza kuvumilia.

"Jeno," nilimwambia, "si useme tu umekosa? Atakusamehe, yataisha. Utaandamana na sisi."

Alisimama njiani. Nguo zake zilikuwa zinanuka samadi, na viganja vyake vilikuwa vimechubuka kwa masikio ya karai.

"Niseme uongo ili nionekane mkweli?" aliniuliza. "Mwanahawa, na wewe?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Basi nikaanza kumtafuta mwenye kosa. Nilikuwa na hasira kweli kweli. Niliwachunguza wote waliowahi kukaa kwenye cherehani ile. Nilijiambia nikimpata huyo aliyeiharibu kisha akanyamaza huku mtoto wa watu anabeba samadi, nitamtaja mbele ya kijiji kizima, awe nani au nani.

Alhamisi ilikuwa zamu yangu kufagia chumba cha ushonaji. Fundi wa Lushoto alikuwa hajatokea. Cherehani ilikuwa imefunikwa gunia. Nililifunua, nikainama, nikafanya alichotufundisha Mama: nikatazama juu kwanza. Niliinua ule mguu unaokandamiza kitambaa, maana ukiuinua visahani vinaachana. Vile havikuachana vizuri. Katikati yake palikuwa na kitu cheupe, kigumu kidogo, kimechanganyika na vumbi la nyuzi. Nilikikwangua kwa ncha ya sindano kikatoka kama ukoko. Kumbe ndicho kilichokuwa kimekaa kati ya visahani! Uzi ulikuwa unapita juu yake bila kubanwa, hata ungeikaza nati mpaka ipige kelele.

Nilifurahi. Nilitaka kukimbia kwa Mwalimu saa ile ile. Nilikisugua kile kitu cheupe kati ya vidole, kikaanza kuyeyuka kwa joto la mkono wangu, nikakinusa.

Harufu ile niliijua tangu nikiwa mchanga mgongoni. Yalikuwa mafuta ya nazi, na pale Kwemkulo watu walipaka samli au mafuta ya nyonyo. Chupa ya mafuta ya nazi ilikuwa moja tu, yenye kizibo cha gunzi la hindi, nayo ilikaa kwetu kando ya jiko. Mama ndiye aliyeyatumia kupaka nywele zake na zangu.

Nilikaa chini sakafuni na ufagio wangu. Wazee wanasema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na siku ile niliuonja uchungu wenyewe. Nilikuwa nimeapa kumtaja mwenye kosa awe nani au nani. Sasa mwenye kosa alikuwa mama yangu, na hasira yangu yote ilinirudia mwenyewe. Kupitia dirishani nilimwona Jenoveva anashuka na karai lake, peke yake, watoto wadogo wakimfuata wakiimba lile jina. Nikakifunga kile kitu cheupe kwenye kona ya kitambaa, nikakitia mfukoni.

Nilipofika nyumbani niliiondoa ile chupa kando ya jiko, nikaiweka dirishani. Jioni Mama akarudi, vumbi jekundu la Mazinde bado liko kwenye viatu vyake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia habari kwa dereva tangu Mombo! Ati Jenoveva ameua cherehani? Yule niliyemwamini! Nimempa kisogo siku chache tu, mtoto anafanya maajabu!"

Alikuwa hata hajakaa.

"Mama," nilisema, "Jumapili uliitia cherehani mafuta gani?"

Alinikazia macho. "Swali gani hilo? Mafuta ya cherehani hayapo duka la ushirika tangu mwezi uliopita. Ilikuwa inalia kama paka, na mimi nina safari. Niliitia haya yangu ya nazi. Baba yangu pale barazani aliitia cherehani yake mafuta hayo miaka nenda miaka rudi, na haikuugua hata siku moja."

Niliichukua chupa dirishani, nikatoa kizibo, nikaigeuza kichwa chini. Halikudondoka hata tone. Mafuta yalikuwa yameganda meupe kama mshumaa. Kisha nikafungua ile kona ya kitambaa.

"Haya nimeyatoa kati ya visahani, Mama."

Mama alinusa. Akatazama chupa, akatazama jiko, akatazama ukungu nje ya dirisha.

"Mazinde ni joto," alisema taratibu. "Kule mafuta haya hayagandi. Na huku nimezoea kuyaweka kando ya moto. Jumapili mchana kulikuwa na jua... mkono ulinizidi, nilikuwa na haraka, yakamwagikia mpaka kwenye visahani, mahali pasipotiwa mafuta kabisa." Ghafla akainua kichwa na sauti ikabadilika. "Kwa hiyo unataka nini? Nikasimame mbele ya yule mwalimu kama mwizi? Mimi, mtu mzima, mama yako?"

"Jenoveva amesimamishwa mbele ya shule nzima!" Sauti yangu ilipanda, na machozi yakanitoka kwa hasira. Sijawahi kumpandishia mama yangu sauti, wala sikurudia tena. "Anabeba samadi kwa ajili yetu, Mama! Anaitwa mhujumu, na hakufanya kitu! Hata wewe umemlaumu kabla hujavua viatu!"

Nilitegemea kofi. Mama hakuinua mkono. Alikaa kwenye kigoda, na uji niliomwekea ukapoa.

"Nipigie pasi kanga yangu mpya," alisema mwishowe. "Kesho tunakwenda pamoja."

Asubuhi tulipofika, shule ilikuwa imekwisha kupanga mistari. Mwalimu Fanueli alimwona Mama akaja haraka, uso umekunjuka.

"Bi Zuhura! Afadhali umerudi. Pole na msiba."

"Nimeshapoa, Mwalimu. Nimekuja kusema kuhusu cherehani. Aliyeiharibu ni mimi."

Mwalimu aligeuka huku na huku. Akashusha sauti. "Karibu ofisini, mama, tuyazungumze tukiwa tumekaa."

"Ahsante, lakini siendi ofisini," Mama alisema, wala hakushusha sauti yake. "Mtoto yule alivuliwa heshima hapa mstarini. Atarudishiwa hapa hapa mstarini. Yuko wapi?"

Jenoveva alikuwa anatokea upande wa zizi, karai kichwani. Aliposikia anaitwa alilitua, akaja akasimama mbali kidogo kwa sababu ya harufu. Mama akamfuata, akamshika mkono kama ulivyo, mchafu, akamleta mbele.

Kisha akasema yote: mafuta yaliyokosekana dukani, chupa ya nazi, haraka ya safari, baridi ya usiku. Alionyesha kile kitu cheupe. Hakujificha hata kidogo, na mimi niliyekuwa nimemwonea haya nilianza kumwonea fahari.

"Lakini nati aliizungusha," Mwalimu alisema, kama mtu anayetafuta pa kushika.

"Aliizungusha kwa kuwa ndivyo nilivyomfundisha! Na nani alikwambia kwamba aliizungusha? Si yeye mwenyewe? Mwongo angekuambia hakuigusa, Mwalimu. Ulikuwa na mtoto mkweli mikononi mwako, ukaufanya ukweli wake kuwa ushahidi wa kumfungia!"

Mwalimu Fanueli alikichukua kile kitu cheupe, akakinusa. Mwishowe alisema, "Twendeni tukaione."

Tulijaa mlangoni na madirishani. Jenoveva alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akaketi. Alilowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, akainua mguu wa cherehani, akakipitisha kile kitambaa kati ya visahani huku na huku mpaka kikatoka safi. Akapangusa kila mahali palipogandamana. Akailegeza nati ya juu irudi pale ilipokuwa. Kisha akaitoa bobini, akauvuta uzi wake kwa vidole.

"Hii nayo imekazwa kupita kiasi," alisema bila kumtazama mtu.

"Hiyo niliikaza mimi," Mwalimu alisema.

Jenoveva akailegeza. Akatia nyuzi, akaweka kipande cha kaki, akakanyaga. Cherehani ikakimbia laini. Alisimama, akakata uzi, akakigeuza kitambaa, akampa Mama bila kusema neno. Mama akampa Mwalimu. Mwalimu alitazama juu, akatazama chini. Pande zote mbili zilikuwa sawa.

"Jenoveva," alisema, na alisema kwa sauti ya kutosha watu wa madirishani, "nimekukosea. Nilikuhukumu kabla sijatafuta. Naomba unisamehe."

Jenoveva alisimama kumjibu, kama inavyopasa. "Nimekusamehe, Mwalimu. Lakini naomba, siku nyingine uniulize, kisha uniache nimalize kujibu."

Walimu wengine waliguna. Mtoto kumwambia mwalimu maneno kama hayo! Lakini Mwalimu Fanueli aliinamisha kichwa. "Nitakuacha umalize," alisema.

Ndipo Mama akatugeukia sisi tuliojaa pale.

"Ukiona vitanzi chini ya kitambaa?"

"Tazama juu kwanza!" shule nzima ikajibu.

"Ahaa! Mnakumbuka kwa uzi. Mbona mlisahau kwa mwenzenu? Ubaya ulionekana kwa mtoto, nyote mkamkazia mtoto, mkacheka na kumpa majina. Hakuna aliyetazama juu, kwetu sisi wakubwa, na kosa lilikuwa huko. Nami ni mmoja wenu, maana jana nilimlaumu kabla hata sijakaa. Sikilizeni, wanangu. Cherehani hii ni ya wote. Anayegusa kitu cha wote aseme amegusa, na amefanya nini. Nami kama ningemwambia Jenoveva au Mwalimu kwamba nimetia mafuta ya nazi, haya yote yasingetokea. Na anayetaka kumhukumu mtu, aulize kwanza, hata kama anayejibu ni mdogo na anayetajwa ni mkubwa."

Danieli alimsogelea Jenoveva pale pale, akajikuna kichwa. "Jenoveva, pole. Lile jina... mimi ndiye niliyeanza."

"Basi wewe ndiye utakayelimaliza," Jenoveva alimwambia. Na kweli, kuanzia siku ile aliyelitamka alikiona cha moto kwa Danieli.

Mchana huo saa ya kujitegemea ilipofika, Jenoveva alirudi kwenye kiti chake na jora la buluu mapajani. Kazi ilikuwa nyingi na Saba Saba iko mlangoni. Mimi nilikuwa namkatia pindo nilipomwona anatazama nje, akaacha kukanyaga. Nikainuka nami nitazame.

Lundo la samadi lilikuwa bado halijaisha kule zizini, na karai lilikuwa pale pale alipolitua asubuhi. Mwalimu Fanueli alikuwa amevua koti na kukunja suruali. Hakuna aliyemwagiza. Alijaza karai kwa koleo, akajitwisha, akaanza kushuka kuelekea kwenye kabichi, akiyumba kidogo maana hakuwa amezoea. Nyuma yake alikuja mama yangu, kanga yake mpya ameifunga kiunoni, na karai la pili kichwani.

Jenoveva aliwatazama mpaka wakafika shambani. Kisha akashusha mguu wa cherehani juu ya kitambaa, akaendelea kushona.